Nilinunua gari nyekundu, polisi wakaanza kunisimamisha kila nikipita

Wakuu, habari za humu ndani.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza hapa kama ni kweli rangi ya gari inafanya mtu asimamishwe na polisi. Mlimcheka sana. Mmoja akamwambia aende akalipie insurance aache kusingizia rangi.

Mimi nilisoma nikanyamaza, kwa sababu jibu langu si la mstari mmoja. Leo mvua imenifungia nyumbani na ng'ombe wa watu wametulia, kwa hivyo wacha niwaambie yaliyonipata. Sitaongeza chumvi. Mume wangu pia ni member hapa, nikidanganya atanianika mbele yenu.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mama wa makamo. Ni Mjaluo, lakini nilizaliwa kambi ya majani chai upande wa Kapsoit, baba yangu akiwa fundi wa mashine kiwandani. Nikaolewa na Mkipsigis, mwalimu, tukajenga karibu na Kedowa. Kikipsigis naongea mpaka wazee wanasahau nilitoka wapi.

Kazi yangu ni AI.

Tafadhali, si hiyo AI ya kompyuta mnayogombania humu. Yangu ni ya ng'ombe. Ng'ombe wako akiingia heat, yaani akitaka dume, unanipigia simu, nakuja na mbegu ya fahali kwa mtungi wa baridi, namhudumia kwa mrija, na Mungu akipenda unapata ndama. Wakulima wananiita daktari. Nimewaambia mara nyingi mimi si daktari kamili, wamekataa kusikia. Na kwa sababu daktari mwenyewe wa mifugo anakaa mbali na ana wilaya nzima ya kuzunguka, ng'ombe akishindwa kuzaa mara nyingi simu ya kwanza inakuja kwangu.

Muelewe kitu kimoja ndio hii stori iwaingie. Ng'ombe hangoji. Heat ikipita imepita, mkulima anakaa tena wiki kadhaa akingoja nyingine. Na ndama akikwama, hapo sasa hata dakika ni kitu.

Miaka mingi nilifanya hii kazi na pikipiki. Wenye mnajua barabara za ndani za Kipkelion wakati wa mvua, mnajua ule udongo mwekundu. Nilianguka mara nyingi mpaka siku moja nikaumia nyonga. Mume wangu akasema basi, hiyo pikipiki tunauza, tunatafuta gari.

Tulienda yard ya magari Nakuru. Kulikuwa na kagari kadogo, kasafi, injini inanguruma kama paka ameshiba. Shida yake ilikuwa moja tu. Rangi.

Ilikuwa nyekundu. Si ile maroon ya heshima, hapana. Nyekundu ya lipstick. Nyekundu ya kuonekana kutoka mlima ule mwingine.

Mume wangu, nitamwita Mwalimu kwa sababu hata mimi namwita hivyo, aliizunguka akatikisa kichwa. "Hii rangi ni ya kuita polisi," akasema.

Nikamwambia hizo ni hadithi za staff room. Tukachukua gari.

Wiki ya kwanza nikasimamishwa pale kwenye roadblock kabla ya kufika Kedowa. Sawa, kawaida. Leseni, insurance, lifesavers zile za pembetatu, fire extinguisher, tairi. Kila kitu kiko. "Endelea, madam."

Kesho yake, tena.

Siku iliyofuata nikapita salama, nikafurahi, kurudi jioni wakanisimamisha upande ule mwingine.

Kabla mniulize, hapana, hakuna mtu aliniitisha kitu. Nitakuwa mkweli hapo. Walikuwa wananisimamisha tu, wanaangalia, wananiachilia. Lakini kila mara ni dakika zinaenda, na huku mkulima anapiga simu, "Daktari umefika wapi?"

Kuna siku sajini mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliona mtungi wangu huko nyuma. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni mbegu za ng'ombe zimehifadhiwa kwa baridi kali. Hakuamini. Akasema nifungue.

Nikafungua.

Wenye hawajawahi kuona, ukifungua ule mtungi moshi mweupe unamwagika nje kama jiko la shetani. Sajini aliruka nyuma mpaka kofia ikaanguka. Vijana wake wakakimbilia upande wa pili wa barabara. Nilicheka, wakuu, halafu nikakumbuka nacheka mbele ya bunduki, nikajifanya nakohoa.

Sasa linganisheni na Mwalimu. Yeye ana Probox nyeupe, nzee, kioo kimoja cha side mirror kimefungwa na gundi. Anapita pale kila siku akienda shule. Wanampungia mkono. Wanampungia mkono!

Tukabishana nyumbani. Mwalimu, kwa vile ni mtu wa sayansi, akasema tusibishane, tubadilishane magari tuone. Akachukua nyekundu, mimi nikachukua nyeupe.

Siku ya pili alirudi amenuna. Alikuwa amesimamishwa asubuhi mbele ya wanafunzi wake waliokuwa wakitembea kwenda shule, na wao wakapiga kelele, "Mwalimu ameshikwa!" Mimi na ile Probox nilipita kama upepo. Hakuna aliyeinua hata kidole.

Hapo nikaamini kabisa kabisa. Ni rangi.

Nikaenda kwa fundi wa rangi Kericho, nikamwambia aipake nyeupe. Yule fundi akaniokoa. Akaniuliza, "Mama, logbook inasema gari ni rangi gani?" Nikasema nyekundu. Akasema, "Basi nikiipaka nyeupe na hujabadilisha logbook, watakusimamisha na kitu cha kukushtaki nacho." Akanieleza nianze na hiyo process kwanza. Nikarudi nyumbani nikiwa nimekasirika zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa nimefungwa na ile rangi kama ndoa.

Na wakuu, nilianza kuichukia kazi yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote. Simu ikilia, badala ya kufikiria ng'ombe, nafikiria roadblock. Nikaanza kuwaambia watu wa upande ule, "Tafuteni mwingine." Watu nimewahudumia miaka na miaka.

Sasa ikafika ile siku.

Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kupiga, mawingu bado yamelalia milima. Simu ikalia. Alikuwa Kogo Rael. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Huyu ni mjane, anaishi peke yake ndani huko, upande wa kwenda Kipkelion, watoto wake wako mbali. Ana ng'ombe mmoja anaitwa Daina. Huyo Daina ni mimi nilimhudumia, baada ya kukataa kushika mimba mara kadhaa mpaka majirani wakamwambia Kogo amuuze kwa bucha. Kogo akakataa. Alikuwa akimwimbia akimkamua, na wakati hakukuwa na maziwa alimwimbia tu vile vile.

Kogo hakusalimia. Kwa simu yeye huongea Kiswahili tu, hata na mimi.

"Taktari," akasema, "miguu imetoka. Kichwa hakuna."

Ndama akija na miguu ya mbele bila kichwa, maana yake kichwa kimegeuka nyuma huko ndani. Ng'ombe atasukuma mpaka achoke na hatazaa. Usipokirudisha kichwa mbele, unapoteza ndama, na pengine mama pia.

Nilimpigia daktari mkubwa. Simu imezimwa. Nikavaa gambuti, nikachukua kamba na sabuni, nikaingia kwenye ile nyekundu.

Siku hiyo, nitasema ukweli, nilikuwa nakimbiza. Hata ningekuwa mimi ni polisi ningejisimamisha.

Roadblock. Mkono juu.

Sikumjua yule askari. Alikuwa mgeni pale, koplo mrefu, mwembamba, uso mtulivu. Nilifungua mlango nikatoka nje kabla hajafika. Sijui nilipata wapi hiyo nguvu. Nikapiga kelele mpaka mama wa kuuza mahindi ya kuchoma akainuka kwa kiti chake.

"Ni rangi, siyo? Semeni tu ukweli! Kila siku mimi, kila siku mimi! Hiyo nyeupe hapo inapita hamuioni? Kuna ng'ombe ya mjane inakufa huko na mimi niko hapa nikionyesha fire extinguisher!"

Halafu nikaanza kulia. Mama mzima na gambuti, nalia barabarani.

Wale wengine waliangalia chini. Koplo hakukasirika. Alingoja nivute pumzi, akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ng'ombe ana shida gani?"

"Ndama amekwama. Miguu iko nje, kichwa hakuna."

"Kimerudi kando ama kimeinama chini?"

Nikamwangalia. "Sijui mpaka niingize mkono."

"Kwetu Kitui tulikuwa na ng'ombe wengi," akasema. "Nani atakusaidia kuvuta?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kogo ni mzee. Jirani yake wa karibu ni mzee kumshinda. Nikasema, "Hakuna."

Koplo akageuka akamwangalia sajini, yule yule mama wa mtungi. Sajini akaangalia saa, akaniangalia mimi, akavuta pumzi.

"Mutua, wewe shift yako si imeisha? Mwenye atakubadilisha ameshafika. Nenda." Halafu akaninyooshea kidole. "Na wewe madam, endesha pole pole. Ukianguka kwenye mtaro, ng'ombe atasaidiwa na nani?"

Koplo Mutua akaacha bunduki yake kwa wenzake, akaingia kwenye kile kiti cha mbele, magoti yakagonga dashbodi. Tukaenda.

Sasa fikirieni. Gari nyekundu ya Daktari, inayojulikana vijiji vyote, inapita na askari wa uniform amekaa mbele. Tulipofika kwa Kogo simu yangu ilikuwa imeshaanza kulia. Mwalimu alikuwa ameambiwa na watu watatu tofauti kwamba nimeshikwa. Mmoja alimwambia ni ya wizi wa mbegu.

Kogo mwenyewe alipomwona askari akishuka aliweka mikono kichwani.

"Taktari! Mimi naita wewe, wewe naletea mimi bolisi?"

"Kogo, huyu amekuja kuvuta," nikamwambia.

Alimpima Mutua kutoka kofia mpaka viatu. "Basi atoe shati," akasema.

Na akatoa. Akabaki na vesti, akakunja suruali.

Daina alikuwa amelala ubavu, macho yamezama, miguu miwili midogo imetokeza nyuma, kwato zikiwa bado za njano na laini. Niliosha mkono mpaka begani, nikapaka sabuni na mafuta ya kupikia ya Kogo, nikalala chini kwenye matope, nikaingiza.

Shingo niliipata. Nikaifuata. Ilikuwa imejikunja kwenda kushoto kama mtu anayeangalia nyuma akiitwa. Pua iko mbali, vidole vinaigusa tu, vinateleza. Na kila nikiifikia Daina anasukuma, mkono wangu unabanwa mpaka naona nyota.

"Unahisi uhai?" Mutua akauliza.

Nikaingiza kidole mdomoni mwa ndama. Nikangoja.

Akanyonya. Kidogo sana, kama anayeota. Lakini alinyonya.

"Yuko hai," nikasema, na Kogo akaanza kuomba kwa sauti.

Nilimwambia Mutua asukume miguu irudi ndani pole pole, pale Daina anapopumzika, anipe nafasi. Wengi wanakosea hapo, wanavuta tu. Yeye hakuvuta. Alisukuma kwa upole, akiongea na ng'ombe kwa Kikamba, sijui alimwambia nini. Nafasi ikapatikana. Nikaishika ile pua nikaifunika yote kwa kiganja, ndio meno yasimkate mama, nikaizungusha. Mara ya kwanza ikaponyoka. Mara ya pili ikaponyoka, na mkono ukaanza kufa ganzi. Nikafikiria kuacha, wakuu. Kogo akaniwekea mkono wake mgongoni.

Kisha ikaja. Nilihisi kichwa kimeteleza, kikakaa katikati ya miguu, mahali pake.

Tukafunga kamba. Daina akisukuma, Mutua anavuta kwenda chini. Daina akipumzika, tunapumzika. Mpaka pua ikatokea, ulimi umevimba, halafu mabega, halafu ndama mzima akatoka mara moja na Mutua akaanguka chali na ndama juu yake.

Hakupumua.

Nilitoa ute mdomoni, nikachukua jani la nyasi nikalitia puani. Mutua alikuwa anamsugua kwa gunia kama mtu anasugua sufuria iliyoungua. Hakuna. Tukaendelea. Kogo alikuwa ameacha kuomba.

Ndama akapiga chafya.

Akapiga tena. Akatikisa masikio. Daina, huko alikolala, akaitika kwa ile sauti ya chini ambayo ng'ombe hutoa kwa ndama wake peke yake.

Nikaangalia nyuma ya ndama. Jike.

Kogo Rael alikaa chini kwenye matope na lesso yake nzuri akacheka mpaka machozi. Alimshika Mutua uso kwa mikono yote miwili akamwambia "kongoi, kongoi", asante, kama anamwambia mtoto wake. Akatuletea mursik kwa kibuyu. Mutua hakuwa amewahi kunywa maziwa lala ya mkaa. Alikunywa yote akasema ni tamu. Uso wake ulisema kitu kingine, lakini alikunywa yote.

Tukirudi, tumejaa matope wote wawili, nikamuuliza. Nilikuwa nimeshapoa.

"Afande, niambie ukweli. Ni rangi?"

Alifuta matope mikononi.

"Nikikuambia hapana nitakuwa nimekudanganya," akasema. "Hakuna mtu ametuagiza tushike nyekundu. Lakini mtu amesimama barabarani tangu asubuhi, macho yamechoka. Hizo nyeupe na za kijivu zinapita kama ukungu. Yako naiona ikiwa bado kwenye kona ile ya juu. Mkono unainuka kabla kichwa hakijafikiria."

"Kwa hivyo ni rangi."

"Inaanza na rangi. Halafu kuna wewe. Ukituona unakanyaga breki ghafla, unashika usukani kama unaning'inia mtini. Mtu akikuona hivyo anasema huyu ana kitu. Na nyuma gari imelala chini kwa uzito. Hakuna mahali umeandika wewe ni nani. Sisi tunabadilishwa kila wakati, madam. Mwenye alikujua jana leo hayuko."

Nilitaka kubisha. Badala yake nikalegeza mikono kwenye usukani.

Wiki hiyo hiyo nikampata kijana wa kuchora mabango, akaniandikia milangoni kwa rangi nyeupe, maandishi makubwa: HUDUMA YA NG'OMBE. Chini yake akachora ng'ombe ambaye Mwalimu anasema anafanana na mbwa. Halafu siku moja bila haraka nilisimama pale kwenye roadblock mwenyewe, bila kuitwa, nikashuka, nikawasalimu mmoja mmoja, nikawaeleza kazi yangu na kwa nini huwa na haraka. Nikamfungulia sajini mtungi tena, safari hii akiwa amejitayarisha. Alirekodi video ya kuwaonyesha watoto wake.

Je, waliacha kunisimamisha? Hapana, sitawadanganya. Ilipungua sana. Na siku hizi nusu ya wanaonisimamisha wana maswali. Askari wengi wana ng'ombe kwao, mnajua? Mmoja ananiuliza mbona wa mama yake anatoa maziwa kidogo, mwingine anataka ushauri wa chakula cha ndama. Naongea nao kupitia dirisha, halafu wananiambia, "Pita Daktari, usichelewe."

Wale wakulima niliokuwa nimewaambia watafute mwingine, niliwarudia mmoja mmoja. Wote walinipokea.

Koplo Mutua alihamishwa, yuko mbali sasa. Mwezi uliopita Kogo Rael alinipigia, yule mtoto wa Daina amekuwa mtamba mkubwa, mweusi anang'aa, na ameingia heat yake ya kwanza nzuri. Nikaenda kumhudumia. Nikiwa hapo Kogo akaniambia nimpigie askari wake. Nikapiga, nikaweka loudspeaker.

"Kijana yangu," Kogo akamwambia kwa nguvu, kama anayeita ng'ambo ya bonde, "ile ng'ombe yako inataka kuwa mama. Likizo kuja kwanza hapa. Halafu Kitui baadaye."

Mutua alicheka huko alikokuwa. Akasema, "Nitakuja, Kogo." Na kwa sauti yake nilijua atakuja.

Basi wakuu, kile nilichojifunza ni hiki. Mwenye aliuliza swali hakuwa mjinga. Rangi inavuta jicho, hilo nimeliona kwangu na kwa Mwalimu. Lakini jicho la askari ni jicho la mtu, na mtu ukimpa jina lako na kazi yako, mara nyingi atakuona wewe kabla ya kuona gari. Si wote. Wengi kuliko nilivyokuwa nafikiria.

Na usipake rangi kabla ya kubadilisha logbook.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Wenye gari za njano, za machungwa, ile moja ya zambarau naonaga Kericho town, mnapitia nini? Na kama kuna askari humu amejificha kwa jina la bandia, aje atuambie upande wake, hatutamuuma. Wenye gari nyeusi na vioo vyeusi, nyinyi tulieni, kesi yenu si ya rangi.

Simu inalia, kuna ng'ombe mahali. Nitasoma comments nikirudi.